Aristotle wa metafizikia na Aristotle wa pweza

Kuna Aristotle wawili wanaozunguka katika mazungumzo yetu, na ajabu ni kwamba hawakutani. Mmoja anafundishwa seminari kuu na katika idara za falsafa vyuoni: huyu ni Aristotle wa dhati na sifa, wa sababu nne, wa Mwendeshaji asiyeendeshwa. Mwingine amebanwa kwenye mstari mmoja wa daftari la biolojia la sekondari, "baba wa zuolojia", mtu wa kwanza kupanga wanyama katika makundi. Mwanafunzi ananakili, mwalimu anaruka karne zaidi ya 20 hadi kwa Linnaeus, Mswidi aliyeweka ngazi za kuainisha viumbe, na habari ya Aristotle imeisha. Siku hizi mitandao imetuletea na wa tatu, ambaye jina lake hubandikwa kwenye video za "metafizikia" zinazofundisha kusoma nyota, kupokea nguvu za mawe na kuvuta utajiri kwa kuufikiria.

Huyu wa tatu tumalizane naye mapema. Metafizikia haihusu majini, wala nyota ya bahati, wala nguvu za siri. Ni tawi la falsafa linalouliza maswali ambayo elimu nyingine zote huyachukulia kuwa yamekwisha kujibiwa. Kuwapo ni nini? Ni kitu gani kinachofanya kitu kiwe hicho kilicho na si kingine? Kinapobadilika, kinabaki nini? Daktari huchunguza mwili ulio mgonjwa, mhasibu huhesabu fedha zilizopo, na wala hakuna kati yao anayesimama kuuliza "kuwapo" kwenyewe maana yake nini. Aristotle hakulijua hata jina hilo. Kazi hiyo aliiita falsafa ya kwanza, au hekima. Jina lilizaliwa na upangaji wa maandishi, kwa kuwa yaliwekwa baada ya yale yanayohusu maumbile (kwa Kigiriki, meta ta physika), na upangaji huo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya Andronicus wa Rhodes, karne ya 1 KK. Hakuna siri zaidi ya hapo.

Kitabu chenyewe, Metafizikia, si kitabu kwa namna tuliyoizoea. Ni vitabu 14 vifupi vilivyokusanywa pamoja na kupewa majina ya herufi za Kigiriki, na herufi ya kwanza ikatumika mara mbili, Alfa kubwa na Alfa ndogo. Ndiyo maana Waarabu walipokifasiri walikiita pia Kitabu cha Herufi. Kinasomeka kama maandalizi ya mwalimu: hoja inaanza, inakatwa njiani, swali linaachwa wazi, sura inayofuata inaanza upya kana kwamba ile ya kabla haikuwepo. Anayekwama asijilaumu. Ibn Sina, bingwa wa tiba na falsafa aliyelelewa Bukhara, anasimulia kwamba alikisoma mara 40, mpaka akakihifadhi, na bado hakuelewa kinakusudia nini. Mlango ulimfungukia siku aliponunua kwa wauza vitabu, kwa dirhamu tatu tu, kijitabu cha al-Farabi, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyemtangulia, kilichoeleza makusudi yake.

Maandishi ya wanyama yana sura nyingine kabisa. Makubwa ni matatu: Uchunguzi juu ya Wanyama, kinachokusanya mambo yalivyo, Sehemu za Wanyama, kinachoeleza kwa nini viungo viko jinsi vilivyo, na Uzazi wa Wanyama. Ukiongeza vile vidogo vinavyohusu mwendo, unapata karibu robo ya kazi zake zote zilizotufikia. Ndani yake wamo wanyama wa aina takriban 500: nyuki, tembo, kinyonga, dome, chaza, kware, papa. Yule yule mtu wa "kuwapo" anakuambia kuwa kambale dume hubaki akiyalinda mayai, kwamba pweza dume ana mkono mmoja ambao wavuvi wanasema anautumia katika kujamiiana, na kwamba pomboo, ingawa anaishi majini, anavuta hewa, anazaa na kunyonyesha.

Swali linalojirudia ni hili: hizi ni kazi mbili za akili mbili, au ni moja? Jibu lililozoeleka husema falsafa ndiyo kazi na wanyama ni burudani ya mtu mwenye udadisi. Mimi naona ni kinyume. Metafizikia ya Aristotle ikisomwa bila vitabu vya wanyama inageuka kuwa maneno matupu yanayofukuzana, kwa sababu mambo anayoyazungumza humo, tangu mwanzo, ni viumbe hai.

Maisha yake yanaelekea huko huko. Alizaliwa mwaka 384 KK huko Stagira, kaskazini mwa Ugiriki, na baba yake Nicomachus alikuwa tabibu wa mfalme wa Makedonia. Akiwa na miaka 17 alikwenda Athens kwa Plato na akakaa huko miaka 20. Plato alipofariki mwaka 347 KK, Aristotle aliondoka, akapitia Assos, kisha akahamia kisiwa cha Lesbos. Vitabu vya wanyama vinaitaja mara kwa mara hori ya Pyrrha iliyopo kisiwani humo, ambayo leo ni ghuba ya Kalloni, na vinawataja wavuvi kama watu ambao habari zao zinafaa kusikilizwa. Mwenzake Theophrastus, mwenyeji wa Lesbos, alishika upande wa mimea.

Jahazi halizai mashua

Sasa tuingie ndani. Neno kubwa la metafizikia yake ni dhati: kile kilichopo chenyewe, si kama sifa ya kitu kingine. Weupe haupo peke yake. Upo kwenye ukuta, kwenye shati, kwenye jino. Urefu ni urefu wa kitu fulani. Lakini Socrates, au farasi huyu, hayupo "kwenye" kitu kingine. Yeye ndiye anayebeba weupe na urefu. Basi swali la kitabu cha Zeta, ambacho ndicho moyo wa kazi nzima, ni hili: ndani ya farasi huyu, ni kipi hasa kinachomfanya awe dhati? Je, ni nyama na mifupa, au ni kitu kingine?

Kulijibu anatumia jozi ya maada na umbo, ambayo inaeleweka upesi ukisimama pwani panapojengwa jahazi. Mbao, misumari na pamba ya kalafati ni maada. Mpango unaofanya mkuku, mataruma na mbao za ubavuni viwe chombo kimoja, badala ya rundo la kuni, ndio umbo. Fundi ndiye chanzo cha mwendo wote. Kubeba watu na mizigo kwa upepo ndilo lengo. Hizo ndizo sababu nne maarufu, na hazishindani. Kila moja inajibu "kwa nini" yake. Kumbuka tu kwamba umbo hapa si sura ya nje. Jahazi lililochorwa ukutani lina sura ya jahazi na halina umbo lake, maana halifanyi kazi ya jahazi.

Wasomaji wengi hupotelea hapa, na nathubutu kusema walimu nao huwasindikiza. Mifano ya darasani ni ya vitu vilivyotengenezwa: sanamu, nyumba, tufe la shaba. Aristotle mwenyewe huitumia kwa wingi. Mtu akibaki nayo anaondoka akidhani ulimwengu wa Aristotle ni karakana, na maumbile ni seremala asiyeonekana aliyeshika tezo. Lakini katika Eta, kitabu kinachofuata Zeta, anatamka kwamba huenda vitu vya kutengenezwa si dhati kamwe, na kwamba jina hilo linavistahili vile tu vilivyoundwa kwa asili. Umbo la jahazi limo kichwani mwa fundi, nje ya jahazi. Likitoboka halijizibi. Halizai mashua. Mnyama anafanya yote mawili, ya kupona na ya kuzaa, na anayafanya kwa chanzo kilichomo ndani yake.

Mfano unaothibitisha kwamba Metafizikia na vitabu vya wanyama vinazungumza lugha moja ni mkono wa maiti. Katika Zeta anasema kidole kilichokufa ni kidole kwa jina tu, na kwamba mkono ni sehemu ya mtu pale tu unapoweza kufanya kazi yake, yaani ukiwa hai. Fungua Sehemu za Wanyama, sura ya kwanza kabisa, utakutana na hoja hiyo hiyo ikipigwa dhidi ya watu wanaodhani kumweleza mnyama ni kutaja rangi na sura: maiti ina sura ile ile ya mtu na bado si mtu, mkono wa shaba au wa mti ni mkono kwa jina. Katika metafizikia hoja hiyo ni ngumu kumeza. Kwa nini mkono uache kuwa mkono wakati nyama yote ipo? Katika kitabu cha wanyama inakaa sawa, kwa sababu pale unaonyeshwa kiungo baada ya kiungo kikielezwa kwa kazi yake.

Mtu huzaa mtu

Kuna sentensi fupi inayotokea kote kote, karibu kama kiitikio: mtu huzaa mtu. Waswahili tuna yetu, mtoto wa nyoka ni nyoka, ila sisi tunaitumia kusutia tabia. Aristotle anaitumia kama silaha ya hoja, na adui wake ni wawili.

Wa kwanza ni mwalimu wake. Plato alifundisha kwamba umbo la mtu, mtu kamili, lipo mbali, nje ya watu hawa tunaowaona. Katika Zeta, Aristotle anauliza: umbo lililoko huko mbali linasaidia nini mtoto anapozaliwa? Mtu huyu hapa ndiye aliyemzaa mtu huyu hapa. Umbo linahama kutoka mzazi hai kwenda kwa mtoto, halihitaji kukaa pengine.

Wa pili ni Empedocles, mwanafalsafa wa kabla yake, aliyesema uti wa mgongo una pingili kwa sababu mimba ilijikunja tumboni ikauvunja vipande vipande. Tungesema leo: ajali iliyogeuka kuwa mwili. Sehemu za Wanyama inamjibu kwa sentensi ile ile. Mbegu iliyoanzisha mimba lazima iwe tayari na uwezo wa kuleta uti wenye pingili, na mbegu hiyo imetoka kwa mzazi mwenye uti wenye pingili. Mtu huzaa mtu. Mtoto anatokea vile kwa sababu mzazi yuko vile.

Neno "uwezo" hapo si la mapambo. Ni mada ya kitabu kizima cha Theta, kinachotofautisha kuwa kitu kwa uwezo na kuwa kitu kwa utimilifu. Mwanafunzi wa falsafa hulikariri. Aristotle alilitazama ndani ya yai la kuku.

Maelezo yake yamo katika kitabu cha sita cha Uchunguzi juu ya Wanyama, na mtu yeyote mwenye mayai yaliyoatamiwa anaweza kuyafuatilia. Baada ya siku tatu mchana na usiku, dalili za kwanza zinaonekana. Kiini kimepanda kuelekea upande uliochongoka, na ndani ya ute mweupe kuna nukta ya damu: huo ni moyo. Nukta inadunda, inasogea kana kwamba ina uhai. Kutoka hapo mishipa miwili inatoka ikiwa na damu. Baadaye mwili unaonekana, mdogo sana na mweupe, kichwa kimeonekana wazi na macho yamevimba. Siku ya kumi kifaranga na viungo vyake vyote vinatambulika. Kufikia siku ya 20, ukilivunja yai na kumgusa, anajitikisa na kulia.

Sasa angalia anachofanya na picha hiyo. Katika Uzazi wa Wanyama anauliza kama viungo vyote vinakuwepo tangu mwanzo, vidogo mno kuonekana, au vinatokea kimoja baada ya kingine. Mtu wa nadharia tupu angebaki kubishana. Yeye anasema: pafu ni kubwa kuliko moyo, na bado linaonekana baada ya moyo, kwa hiyo si udogo uliolificha, bali lilikuwa halijakuwepo. Kifaranga hakuwemo ndani ya yai kama mtu mdogo ndani ya sanduku. Alikuwemo kwa uwezo. Ndiyo maana naona anayefundisha Theta bila yai hilo anajitesa na kuwatesa wengine.

Baghala naye, yule mtoto wa punda na farasi, yumo katika vitabu vyote viwili. Zeta inamtaja kwa haraka kama kasoro inayohitaji maelezo: farasi kazaa kisicho farasi. Uzazi wa Wanyama inatumia kurasa kutafuta kwa nini baghala ni tasa, inapitia majibu ya Empedocles na ya mwanafalsafa mwingine, Democritus, na kuyakataa. Katika falsafa ya kwanza alikuwa pingamizi la mstari mmoja. Katika kitabu cha wanyama ni kesi kamili.

Pembe za ng'ombe na meno yake

Wapo wanaosema Aristotle anaona lengo kila mahali, kwamba kwake kila kitu kimewekwa kwa ajili ya fulani. Msemo wake kwamba maumbile hayafanyi kitu bure umewasaidia kumsoma hivyo. Lakini yeye huipa maada sauti yake. Chukua jambo ambalo kila mfugaji wa kwetu analijua: fumbua mdomo wa ng'ombe au mbuzi, taya la juu halina meno ya mbele. Aristotle aliona kwamba wanyama wenye pembe ndio wenye pengo hilo. Maelezo yake ni kwamba mwili mkubwa una ziada ya maada ngumu, ya udongo, na maumbile huichukua ile ambayo ingekuwa meno na kuipeleka kwenye pembe. Kisha, kwa kuwa chakula hakitafunwi vizuri, tumbo linakuwa la vyumba vinne. Ngamia anamharibia kanuni, maana hana pembe na bado hana meno hayo. Hakumficha. Anasema ngamia anakula miba, matumbo mengi yanamfaa kuliko meno, na ile maada ngumu imetumika kukaza kaakaa lake.

Maelezo ya kikemia ni ya zamani zake, lakini namna ya kufikiri ni ile ile ya maada na umbo, sasa ikiwa na mifupa ndani yake. Maada inatoa kilichopo, lengo linaipa kazi, na kuna nyakati maada inafanya mambo yake bila lengo lolote. Rangi ya macho, anasema katika Uzazi wa Wanyama, haina "kwa ajili ya nini". Inatokana na maada tu.

Mbinguni na jikoni

Kitabu kinachosomwa zaidi na wanateolojia ni Lambda, ambamo yumo Mwendeshaji asiyeendeshwa. Dhana potofu hapa ni nzito, kwa hiyo niseme waziwazi: Mwendeshaji huyo hakuumba ulimwengu. Kwa Aristotle ulimwengu hauna mwanzo, na wanyama hawana siku ya kwanza. Mwendeshaji hatengenezi kitu wala hapangi viungo vya kambale. Anajifikiri mwenyewe, na anavyosogeza mbingu ni kama kipendwacho kinavyomsogeza apendaye. Ibn Sina, na Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki, walimpokea wakamjengea juu yake imani ya uumbaji, kila mmoja kwa dini yake. Al-Ghazali, mwanateolojia wa Kiislamu, aliona hatari mapema: fundisho la ulimwengu usio na mwanzo ni moja ya mambo aliyowakatalia wanafalsafa kwa ukali mkubwa.

Wanyama wanaingiaje hapo? Kwa mlango wa uzazi. Mbingu, kwake, ni za milele moja moja. Kuku hawezi. Anakufa. Lakini, kinasema kitabu cha pili cha Uzazi wa Wanyama, kisichoweza kuwa cha milele kwa nafsi yake kinaweza kuwa cha milele kwa aina: kuku anazaa kuku, na kuku wapo daima. Kutaga yai ndiyo njia iliyo wazi kwa kuku kushiriki umilele ule ambao Lambda inauzungumza huko juu kwenye tufe zake 55 za mbinguni (au 47, anasahihisha, kisha anawaachia wenye uwezo zaidi waamue).

Pia kuna ukurasa mmoja ambamo anavilinganisha vitu hivi mwenyewe, sura ya tano ya kitabu cha kwanza cha Sehemu za Wanyama, na kwa maoni yangu ni kati ya kurasa nzuri kuliko zote alizoandika. Vya mbinguni, anasema, ni vitukufu, lakini hisi zetu zinatupatia machache mno kuvihusu. Mimea na wanyama tunaishi nao, na anayekubali kujisumbua atajua mengi. Tusikunje uso kama watoto mbele ya wanyama duni. Anakumbusha kisa cha Heraclitus, mwanafalsafa wa kale zaidi yake: wageni walikuja kumtembelea, wakamkuta akiota moto jikoni, wakasita mlangoni. Akawaambia waingie bila woga, maana hata humo mna miungu.

Pale falsafa ilipomfumba macho

Nisimpambe. Metafizikia iliyompa macho ndiyo pia iliyomfumba. Mfano mbaya kuliko yote ni wanawake. Akiwa na jozi yake ya maada na umbo mkononi, aliigawa kwa wazazi: baba hutoa umbo na mwendo, mama hutoa maada, yaani damu ya hedhi. Kutoka hapo akaandika kwamba jike ni kama dume lililolemaa. Hakuna yai alilopasua lililomwonyesha hivyo. Ni jozi ya falsafa iliyopandishwa juu ya miili ya watu, na madhara yake yalidumu karne nyingi.

Ila ukweli ulimsumbua, na kumsoma akisumbuka kunafundisha kuliko kumlaani tu. Kama mama anatoa maada peke yake, mbona watoto hufanana na mama? Mbona hufanana na babu? Anasimulia habari ya mwanamke wa Elis aliyelala na Mwethiopia, jina ambalo Wagiriki waliwaita watu weusi wa kusini ya Misri: binti yake hakuwa mweusi, bali mtoto wa kiume wa binti huyo alikuwa. Katika kitabu cha nne cha Uzazi wa Wanyama analazimika kuunda nadharia nzima ya misukumo inayoshinda, kushindwa na kulegea, na humo mama naye anajikuta ana misukumo yake. Nadharia yake safi ya mwanzo imeshapasuka, ingawa hakukiri.

Makosa mengine ni ya aina nyingine. Alisema wanaume wana meno mengi kuliko wanawake. Aliuweka ufahamu moyoni na kuufanya ubongo kipoza joto. Alidhani mikunga hutoka matopeni, kwa kuwa hakuwahi kukuta ndani yao mayai wala shahawa. La mikunga namwelewa, kwa sababu samaki hao huhamia mbali baharini kuzaa. La meno halina udhuru. Hata hivyo, wanaosema hakuwa akitazama kitu, alikaa tu na kuwaza, wamepotoka. Aliandika kwamba yupo papa mmoja mdogo ambaye mtoto wake tumboni ameshikamana na mfuko wa uzazi kwa kiungamwana kama wanyama wanyonyeshao. Habari hiyo ilidharauliwa mpaka Mjerumani Johannes Müller alipoichunguza na kuithibitisha mwaka 1842. Kuhusu uzazi wa nyuki, baada ya kurasa za hoja, anaandika kwamba mambo yalivyo hayajajulikana vya kutosha, na yakija kujulikana, hisi ziaminiwe kuliko hoja, na hoja ziaminiwe zikikubaliana na yanayoonekana.

Limebaki lile la daftari la sekondari, kwamba Aristotle alipanga wanyama kwa makundi kama Linnaeus. Hakujenga ngazi za namna hiyo. Anayo makundi makubwa, wenye damu na wasio na damu, ndege, samaki, na kadhalika, lakini lengo lake ni kutafuta viungo gani vinafuatana na vipi na kwa nini, kama pembe na meno. Na hapa vitabu vyake vinagongana kweli kweli. Sura ya 12 ya Zeta inafundisha kwamba fasili nzuri inapatikana kwa kugawa hatua kwa hatua, mwenye miguu, kisha mwenye miguu ya namna fulani, mpaka ufikie tofauti ya mwisho, ambayo peke yake inabeba fasili yote. Sehemu za Wanyama inaibomoa njia hiyo hiyo: ukigawa kwa tofauti moja moja utawatenganisha ndege, wengine nchi kavu, wengine majini, wakati kila mtu anaona ni ndege. Mnyama, inasema, lazima agawanywe kwa tofauti nyingi kwa pamoja. Wataalamu hawajakubaliana namna ya kuvipatanisha. Msomi Mjerumani Werner Jaeger, mwaka 1923, aliwashawishi wengi kwamba biolojia ilikuja uzeeni, Aristotle alipokuwa ameuacha ulimwengu wa Plato. Lakini D'Arcy Thompson, aliyeufasiri Uchunguzi juu ya Wanyama mwaka 1910, alikuwa amekwisha kuonyesha majina ya mahali pa Lesbos, yanayoelekeza miaka ya katikati, kabla ya shule yake mwenyewe huko Athens. Nadhani Thompson ana nguvu zaidi, na kama ni hivyo basi mwandishi wa Zeta alikuwa tayari ameshapasua mayai mengi. Sura ya 12 naisoma kama zoezi la darasani, si kauli yake ya mwisho juu ya wanyama.

Anayetaka kuingia mwenyewe katika maandishi haya, asianzie Alfa. Aanze na kitabu cha kwanza cha Sehemu za Wanyama, ambacho ni kifupi na kinajitegemea. Afuate kitabu cha sita cha Uchunguzi juu ya Wanyama kwa ajili ya yai, kisha Zeta kuanzia sura ya saba, ambako mtu huzaa mtu. Lambda isubiri mwisho, na kijitabu cha al-Farabi kiwe karibu.